Ndimu za Rasi ya Mkwaruzo

Jumatatu, 1 Februari 1909

Naandika tarehe ya Serikali. Karani wa ardhi hataki nyingine – nilipompa mwezi kumi Mfunguo Nne alinitazama kama niliyemletea samaki aliyeoza.

Alhamisi ya tarehe 18, saa nne asubuhi, bwana wa ardhi wa Serikali atakuja Rasi ya Mkwaruzo kutazama kwa macho yake. Kila mwenye dai alete mipaka kwa maandishi, na ushahidi wa tangu lini.

Wenye dai ni wawili. Mimi Gharib, mnakili wa vitabu, mtu wa Siu, mkazi wa Kibokoni miaka arobaini na sita na bado mgeni. Na Sharif Idarus wa Kuze, mwana wa marehemu Sharif Sheikhan. Yeye adai rasi yote, kutoka njia ya Mbaraki mpaka majini. Yuataka kuvunja mawe. Kilindini wanajenga, mawe hayatoshi.

Mimi nadai pembe moja, hatua arobaini kwa thelathini. Mna kaburi la mke wangu Mwanarusi, na mindimu mitatu. Basi.

Jumanne, 2 Februari

Nimetoka baada ya alfajiri. Kutoka Kibokoni hadi mwisho wa reli ya troli, kisha Mbaraki, kisha hakuna njia. Miguu yangu hudhani bado ina miaka thelathini mpaka ifike pale.

Niiandike rasi kama ilivyo, maana karani ataka «maelezo ya mahali».

Ni ulimi wa jiwe uliotoka kisiwani kuelekea baharini, mweusi juu, mweupe palipovunjika. Si jiwe laini la kuta za mji. Hili lina meno. Mvua na chumvi zimelila likabaki ncha tupu, kama sufuria ya asali iliyochemka ikagandia hivyo hivyo. Ukianguka huchubuki, wakatika. Katikati ya ncha mna mashimo ya maji ya chumvi, na katika kila shimo kaa mmoja aliyekasirika.

Miti: mkunazi mmoja mkubwa penye mwanzo wa rasi, umelala upande mmoja kwa upepo wa kusi wa miaka mingi. Michongoma. Mikadi ukingoni, mizizi nje kama miguu ya mtu anayekimbia. Nyasi hakuna. Kivuli hakuna baada ya saa tatu.

Chini mna pango. Bahari huingia kimya, hukaa kidogo, kisha hutoka kwa kishindo, na rasi yote hutikisika chini ya nyayo. Mgeni huruka. Mimi siruki tena, lakini sijapata kuipenda sauti ile.

Ndege hawatui. Hupita.

Nimepima upande wa mkunazi. Hatua arobaini. Kiatu kimoja kimekwisha.

Ijumaa, 5 Februari

Bamvua leo. Maji yamekupwa mpaka mwamba wa nje ukaonekana, mrefu, kijani, unanuka. Nimekwama: karani ataka mpaka wa upande wa bahari, na bahari ile haikai. Kwa bamvua mpaka wangu ni mkubwa mara mbili. Kwa maji mafu hauzidi shuka. Nimeandika «mpaka mstari wa mikadi», kwa kuwa mikadi haiendi popote.

Nimemkuta mvunja mawe wa Idarus. Kaingu, mtu wa bara, mtaimbo begani. Yuapiga jiwe, yuasikiliza, yuapaka alama ya chokaa. Alama nyingi tayari.

Nikamwuliza apaonaje mahali hapa.

Akasema ameoa wake wawili na ana mama wakwe watatu – wa tatu sikumwuliza alimpataje – na hakuna hata mmoja aumaye kama jiwe hili. Lakini ndani, akasema, chini ya meno, ni zuri. Lakatika kama muhogo. Na zuri kuliko yote ni pale kwenye ndimu zako, mzee.

Nikamwambia pale pana mtu.

«Najua. Ndiyo maana sijapaka alama. Nasikia alikufa kwa ndui.»

«Miaka ishirini na saba sasa.»

«Ndui haihesabu,» akasema, akahamia upande wa pili wa upepo.

Kwa hiyo kinachomlinda mke wangu mpaka leo si heshima. Ni ule woga uliomleta huku.

Jumapili, 7 Februari

Kwa kuwa naandika, na hili liwe limeandikwa. Mwaka 1299 wa Hijra ndui iliingia Kibokoni. Mwanarusi alitokwa na vipele siku ya tatu ya homa. Watu wa mtaa walisimama mlangoni, vitambaa puani, wakasema kwa adabu sana kwamba hatakaa mjini, na akifa hatazikwa mjini. Adabu yao naikumbuka kuliko maneno. Hind alikuwa na miaka mitatu, akabaki kwa shangazi yake. Mimi ndui iliniuma utotoni Siu, nina alama zake usoni, haingenirudia. Nikamchukua rasini, kwa kuwa hapakuwa na mwenye kupataka. Nikajenga kibanda cha makuti. Upepo ukakichukua. Nikajenga kingine. Alikufa siku ya kumi na moja. Nilimchimbia peke yangu, na jiwe lile halichimbiki.

Leo Hind amekuja na ujumbe wa Idarus. Sharif yu tayari kugharimia mama ahamishwe makaburini mjini, kwa sanda mpya na visomo siku tatu.

Hind akasema: «Baba, mimi naona ni vyema. Sijafika kule hata mara mbili. Nikienda natoka damu miguuni. Mjini ningekuwa nikimwombea kila Ijumaa.»

Nikamwambia waliomkataa akiwa na roho hawana haja ya kumpokea akiwa mifupa.

«Hao wamekufa wote, baba. Umebaki kugombana na watoto wao.»

Ana kinywa cha mamake.

Jumanne, 9 Februari

Baraza ya Kuze baada ya alasiri. Nisingeenda. Nilipita, nikaitwa, kupita moja kwa moja kungekuwa ubaya.

Idarus alikaa katikati, kanzu nyeupe, kahawa mkononi. Alisimama kunisalimu. Akaniuliza hali, akaniuliza Hind, akaniuliza miguu, yote kama inavyotakiwa. Kisha akasema mbele ya watu: «Ami Gharib, ndimu za mwaka huu hatujaziona. Mama aziulizia kwa achari.»

Nikasema hazijaiva.

«Kila mwaka ulikuwa ukimletea baba kikapu. Alipofariki ukaniletea mimi. Sivyo?»

Nikasema sivyo vipi, ndivyo.

«Basi niambie, ami, mimi ni mtu wa dukani sijasoma kama wewe. Mtu hupeleka matunda ya shamba lake kwa nani kila mwaka? Kwa jirani? Au kwa mwenye shamba?»

Wakacheka. Si wote. Mzee mmoja alitazama ndani ya kikombe chake.

«Baba alikuachia upande nawe ukijua u mpandaji tu, si mwenye ardhi. Ndiyo maana ukaleta. Mtu wa watu, wajua haki. Twakushukuru.»

Nilikunywa kahawa yangu yote. Ilikuwa chungu na ya moto, nikaimeza. Nikaaga mmoja mmoja.

Jumatano, 10 Februari

Nimefungua kasha la madaftari. Nimeandika kila siku tangu nilipotoka Siu. Nilidhani ndiyo silaha yangu – nani mwingine Mombasa awezaye kumwonyesha bwana wa ardhi mwaka, mwezi na siku?

Ndimu zimo. Za kwanza 1304, miaka mitano baada ya kupanda. «Leo nimempelekea Sharif Sheikhan kikapu cha ndimu.» 1305 vivyo hivyo. 1306. Nimefuata mpaka mwaka jana. Mara ishirini na tatu, kwa khati yangu, bila kuruka hata mwaka mmoja. Mwaka niliokuwa na homa nimeandika nani alikipeleka badala yangu.

Kwetu Siu mtu akikupa mahali, lile tunda la kwanza huenda kwake. Si kodi. Ni kumwambia sijasahau. Nami nilikuwa mgeni, na mgeni akiingia mikono mitupu huonekana. Mwaka wa pili nikapeleka kwa kuwa nilipeleka wa kwanza. Mwaka wa tatu kutopeleka kungekuwa tusi. Hivyo nimejifungia kamba mwenyewe kwa adabu, fundo kila mwaka.

Kisha nikatafuta siku ile. Baada ya maziko nilikaa kaburini arobaini nzima. Siku moja Sharif Sheikhan alikuja, akasimama kwenye mkunazi, hakusogea zaidi, akapaza sauti juu ya upepo: «Pachukue, Gharib! Pako wewe na watoto wako. Hapana mwingine atakayepataka.» Nayasikia mpaka leo. Idarus alikuwa pembeni yake, wa miaka kumi na miwili, kitambaa cha babake usoni.

Hayamo.

Daftari la 1299: siku ya kifo, mistari miwili. Kisha karatasi tano nyeupe. Niliziacha kwa zile siku arobaini, nikidhani nitazijaza moyo ukitulia. Kisha laendelea: «Nimerudi mjini. Nimenunua mafuta ya taa.»

Kwa hiyo daftari langu lashuhudia ndimu na halishuhudii zawadi.

Ijumaa, 12 Februari

Hind alinikuta na karatasi zile magotini. Nikamweleza. Akafikiri – akifikiri huuma ushungi wake – akasema: «Na si ni kweli alisema?»

«Ni kweli.»

«Basi ziandike. Wino ni ule ule, mkono ni ule ule. Utakuwa umechelewa tu.»

Akaenda kutazama sufuria yake.

Umechelewa tu. Miaka ishirini na saba.

Jumamosi, 13 Februari

Rasini. Nilikwenda na daftari la zamani, kalamu ya tete, na wino nilioupika jana kwa masizi na ulimbo kama zamani. Nilitaka kuandika pale pale, nione kama mahali patakubali.

Kaskazi kali. Chumvi yaruka juu mpaka kwenye mindimu, na majani upande ule yameungua, kahawia kama yamepigwa pasi. Miti hii mitatu niliipandia udongo wa vikapu kutoka Mbaraki, kichwani, kikapu kwa kikapu, nikaumwaga katika mashimo ya jiwe. Rasi imejitahidi kuiua tangu siku ile. Yazaa kwa ukaidi. Ndimu zake ndogo, ngumu, kali kuliko za sokoni.

Nikakaa upande wa kaburi usio na upepo. Nikafungua karatasi ya kwanza. Nikachovya. Nikataka kuandika kichwani mwa karatasi: siku ya –

Siku ya ngapi? Sijui. Ya kumi na tano? Ya thelathini? Nakumbuka kitambaa cha mtoto kilikuwa na mistari myekundu. Nakumbuka pango lilikuwa likipiga, kwa hiyo maji yalikuwa yakijaa. Siku siijui.

Nimenakili misahafu kumi na tisa na vitabu nisivyovihesabu. Penye neno lililoliwa na mchwa huacha nafasi. Wenye vitabu hunikasirikia: Maalim, si wajua neno lenyewe, litie. Huliacha. Sikulitia hata la kitabu cha mtu mwingine.

Wino ukakauka kwenye ncha. Nikafuta kalamu kwa jani la mndimu.

Kaingu alikuwa akinitazama. Akasema huandiki leo, mzee? Nikamwambia upepo. Akasema hapa kila siku ni upepo, ungekuwa wa kukuzuia usingekuwa na kitabu.

Kisha akaniuliza bei ya ndimu mbili za kutafuna kwa chumvi. Nikampa nne. Akazipokea kwa ncha za vidole na akaziosha kwa maji ya bahari mara nyingi.

Jumatatu, 15 Februari

Nimefanya jambo, na mji wote wajua.

Nimekwenda Kuze baada ya adhuhuri, barazani, mbele ya wale wale. Nikamsalimu Idarus. Nikamwambia: sina mashahidi. Waliokuwapo siku ile ni watatu. Mmoja amekufa. Wa pili ni mimi, na neno langu ni dai langu. Wa tatu ni wewe. Siku ya Alhamisi nitakutaka useme mbele ya bwana wa ardhi, mkono juu ya msahafu, penye kaburi, babako alisema nini kwenye mkunazi.

Kisha kelele.

Sharif haapishwi, akasema mmoja. Mwingine: mtu wa Siu amwapisha mjukuu wa Mtume! Mwingine akauliza kama jua limenipiga kule maweni. Walisimama. Nilidhani watanigusa.

Idarus peke yake alibaki amekaa. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema taratibu: «Ami, nimekuvumilia kwa ndui zako na vitabu vyako. Ukiniapisha, usinikanyagie tena kizingiti.»

Nikasema inshallah. Nikatoka. Nyuma yangu mtu alitema mate, sikugeuka kuona wapi yaliangukia.

Jumatano, 17 Februari

Msikitini hapana aliyeitikia salamu yangu zaidi ya inavyolazimu.

Mwenye duka wa chini hakuwa na sukari, na gunia liko wazi mbele yangu.

Hind alilia, kisha akanishonea kiatu. Ameshona kwa uzi wa tanga, mara mbili. Akasema: «Nitakuja nawe kesho.» Nikamwambia miguu yako. Akasema miguu ni yangu.

Alhamisi, 18 Februari

Saa nne na nusu. Rasini. Naandika juu ya goti.

Wamekuja. Bwana wa ardhi amekatika kiganja akishika jiwe, yuakinyonya kama mtoto. Karani amefungua mwavuli, upepo umeugeuza. Kaingu na wavunja mawe watatu wamekaa mbali upande wa upepo. Watu wa baraza sita, wamekuja kumlinda Sharif wao – kanzu zao zimeshikwa na michongoma, kila mmoja yuajinasua. Hind amekaa penye kichwa cha mamake. Visigino vyake vina damu.

Nimesoma mipaka: mkunazi, michongoma, mikadi, ufa wa pango. Bwana wa ardhi ametazama kila kimoja, ameridhika.

Akataka ushahidi. Nikamsomea ndimu. Zote. 1304, 1305, mpaka mwisho. Karani alikuwa akimfasiria, mwanzo kwa sauti, kisha kwa sauti ndogo. Mmoja wa baraza akasema: «Ajikata mwenyewe, mwacheni.» Idarus hakucheka.

Kisha nikampa daftari la 1299 na kumwonyesha karatasi nyeupe. Nikasema hapa ndipo lingekuwapo neno lenyewe. Sikuliandika siku yake, na leo si siku yake. Aliyelisikia ni huyu.

Bwana wa ardhi akamwuliza karani kitu. Karani akamweleza mambo ya kiapo, kirefu, akionyesha msahafu wangu – wa mwisho nilioandika Siu. Watu wa baraza wakaanza: haiwezekani, Sharif haapishwi, twende zetu. Idarus alikuwa amesimama kwenye mkunazi. Pale pale. Sijui kama amechagua au miguu imemsimamisha.

Akasema: «Nitatia udhu kwanza.»

Mmoja akamwambia kuna maji ya chupa kwenye troli, mtu aende. Akasema hapana. Bahari ipo.

Ameteremka kwa njia ya ufa, viatu mkononi. Mtu wa mjini, nyayo laini. Niliona anavyopinda. Maji yanajaa, pango limeanza kupiga, na kila likipiga hupotea ndani ya mvuke wa chumvi kisha huonekana tena, amechuchumaa pale pale.

Bwana wa ardhi ametazama saa yake. Mara mbili.

Kaingu amesogea karibu nami, mara ya kwanza kuingia ndani ya mpaka. Yuauliza kwa chini yule afanya nini muda wote huo. Nikamwambia yuaosha mikono, mara tatu. Kisha kinywa, mara tatu. Kisha mengine. Ni jambo fupi.

Namwona vizuri kutoka hapa. Mikono ameosha. Kinywa amesukutua mara moja, ya pili, ya tatu.

Maji yamemfika magotini. Hatazami juu. Amechota tena. Asukutua mara ya nne.